Nukta Nilizoshusha

Nianze na mizani, maana ndiyo iliyonichosha kabla ya yote. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, uso wake wa duara kama saa ya ukutani, na chini yake ndoano ya kutundikia kaptula ya kitambaa. Mtoto anaingizwa miguu kwenye kaptula, unamwachia, anabaki anabembea. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi niliibeba kichwani kutoka kwangu mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mnene mwenye kibaraza kipana, nikaitundika kwenye boriti. Halafu kelele. Mtoto akishaona miguu yake haigusi chini analia kana kwamba anachinjwa, wa pili akimsikia naye anaanza, na ikifika saa nne asubuhi hapo kibarazani hapasemeki hapasikiki. Mie nilifanya kazi hiyo miaka sita. Mpaka leo nikisikia watoto wengi wanalia pamoja kichwa kinaniuma upande mmoja.

Hiyo ilikuwa huku Temeke, kwenye mitaa iliyokuwa inaota nyuma ya viwanda, enzi za ruksa. Wanaosimulia enzi zile husema neema ilirudi: sabuni dukani, sukari dukani, mitumba mpaka ya kukanyaga. Kweli vilirudi. Ila kwetu vilirudi wakati waume wanapunguzwa kazi, kwa hiyo vingi tulikuwa tunavitazama tu. Matibabu nayo yakawa ya kuchangia. Mjamzito anaambiwa aende kujifungua na glovu zake, pamba yake na wembe wake. Ndipo ukaja mradi. Sitautaja jina, na sidhani kama kuna anayelikumbuka. Ulikuwa wa akina mama na watoto wadogo. Ukachagua mwanamke mmoja kila mtaa, aliyemaliza darasa la saba, ukatufundisha wiki mbili, ukatuita wahudumu wa afya. Mshahara hakuna. Tulipewa mkoba, kalamu mbili na kofia. Kofia! Sijui walidhani tunakwenda uwanja wa mpira.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Unampima mtoto, unaweka nukta kwenye kadi yake, unaunga nukta ya leo na ya mwezi uliopita kwa mstari. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Kijani, mtoto mzima. Kijivu, mtoto hayuko sawa, mwangalie. Nyekundu, mkimbize hospitali. Nesi wa zahanati, ambaye hamjui mtoto wala mama, alitakiwa afungue kadi tu aone mstari unapanda, umelala, au unashuka. Ukishuka, hata kama mtoto anacheka, anajua kuna jambo.

Mwanzoni akina mama hawakutaka hata kuisikia hiyo kijivu. Sie watu wa Pwani tuna neno letu, kubemenda. Mtoto mchanga akidhoofika, akiota tumbo na miguu ya njiti, watu hawasemi ana njaa. Wanasema amebemendwa, yaani wazazi wake wameshindwa kuvumilia, wamekutana mtoto angali ananyonya, na pengine mama keshabeba mimba nyingine. Kwa hiyo ukimwambia mwanamke mbele ya wenzake kwamba mwanawe yuko chini, umeyatangaza ya chumbani kwake. Wapo waliochukua kadi wakaondoka bila kuaga. Mmoja alinitupia ile kaptula usoni, mbichi, mtoto kaikojolea.

Halafu mradi ukaleta unga. Unga wa lishe, mahindi na soya na karanga, kwenye mifuko ya karatasi. Sharti lilikuwa moja, anapewa mtoto aliye chini ya kijani. Weee! Mwezi wa kwanza tu aibu ikahama mtaa. Wanawake waliokuwa wananinunia kwa ajili ya kijivu wakaanza kuninunia kwa ajili ya kijani. "Dada, hebu mtazame vizuri, huyu naye mzima huyu?" Yuko mmoja alikuwa anamnyima mtoto uji siku mbili kabla ya kupimwa. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Akanisubiri nimalize, akaniuliza, "Na wale wangu watatu wengine wale nini?" Unga ule haukuliwa na mwenye kadi peke yake, na nani alidhani ungeliwa peke yake? Unapika sufuria moja, wanaizunguka watano. Aliyeandika sharti lile hakuwahi kupakua chakula huku watoto wanamtazama mkono. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mtoto akinenepa kidogo, unga unakatwa. Ukikatwa, anashuka. Akishuka, anapewa tena. Nilimweleza hayo msimamizi wetu, bwana mmoja wa mjini aliyekuwa anakuja na gari mara moja kwa mwezi. Akasema hizo ndizo taratibu. Nikamwambia taratibu hizo zinawachezea watoto. Akacheka, akaniambia, "Mama, wewe una maneno." Basi nami nikajitafutia utaratibu wangu.

Utaratibu wangu ulikuwa kushusha nukta. Mtoto aliyekuwa juu kidogo ya kijivu, ambaye nilijua kwao jiko haliwaki kila siku, nilimwandika chini. Kilo moja, wakati mwingine haifiki. Hawakuwa wengi, na nilikuwa nawachagua mwenyewe, na sitadanganya, nilijiona mwema. Nani kaibiwa? Unga ulikuwepo, njaa ilikuwepo, mie nilivikutanisha tu.

Miongoni mwao alikuwa mtoto wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mama yake alikuwa mwanamke mdogo, mzaliwa wa Kimbiji, mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Mumewe alikuwa kiwandani, akapunguzwa, akawa anatoka asubuhi kutafuta kibarua na kurudi jioni amenuna. Mtoto huyo alikuwa wao wa kwanza, wa kiume, ana kama mwaka mmoja, meno manne, mcheshi. Akiniona anarusha mikono nimbebe. Nilimpenda. Wangu walikuwa wameshakua, hakuna aliyetaka kubebwa tena, na yule akishika shingo yangu nilikuwa nasahau kwamba mgongo unauma.

Siku moja nikamwambia mama yake, "Mdogo wangu, nitamshusha kidogo kwenye kadi, upate unga. Ila hili ni langu na lako."

"Sawa, dada. Mungu akulipe."

Miezi mitatu nikaweka nukta zangu, zote zimelala kwenye mstari mmoja, katikati ya kijivu. Mtoto mwenyewe yuko kijani, anakula uji, anatambaa mpaka kwangu kuja kuangusha sufuria.

Mwezi wa nne wakaja wageni. Wafadhili wenyewe, watu wanne, na msimamizi wetu kavaa tai. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu kilichopona ni kibaraza cha balozi, maana kilipakwa chokaa. Viti vikaazimwa, soda zikatiwa kwenye ndoo ya maji, na mie nikaambiwa nivae kofia. Nikaivaa. Nikapima watoto toka asubuhi huku wageni wamesimama nyuma yangu wananong'ona, na jasho linanishuka kwenye macho.

Jirani yangu alikuja mwishomwisho, kamfunika mtoto kwa kanga. Nilipompokea tu mikono ikajua. Mtu akikupa ndoo unayodhani imejaa, kumbe nusu, mkono unaruka juu wenyewe. Mikono yangu iliruka.

"Kulikoni?" nikamnong'oneza.

"Anaharisha, dada. Wiki ya pili hii."

"Na ziwa?"

Akatazama chini. "Nimemwachisha."

Mwanamke hamwachishi ziwa mtoto anayeharisha ila kwa sababu moja, na namna alivyokuwa ameivuta kanga tumboni ilinitosha. Ana mimba. Kanificha mie, ukuta kwa ukuta, kwa kuliogopa neno lile.

Nikamvalisha mtoto kaptula. Hakulia. Siku ile walilia wote, yeye alining'inia tu akinitazama. Mshale ukacheza, ukatulia palepale nilipokuwa nikimwandika siku zote. Jamani! Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu niliandika kweli kwenye kadi ile, na kweli ikafanana sawasawa na uongo wangu. Mstari haukushuka hata unywele. Mtoto kapoteza kilo nzima mbele ya macho yangu, na kadi inasema hakuna lililotokea.

Msimamizi aliichukua kadi mkononi mwangu akamwonesha mgeni mmoja. "Huyu hajashuka hata kidogo," akasema. "Unga unamshikilia." Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Nilifungua mdomo. Najua niliufungua kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa mkavu. Kisha nikaufunga. Ningesema nini? Kwamba nukta hizi tatu ni za kubuni? Na kama hizi ni za kubuni, za nani tena? Wangefungasha mizani na unga siku ileile, wakaondoka navyo, na wanawake wote wa mtaa wanabaki wanatazamana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kingine pia. Niliona aibu. Kuvuliwa mkoba mbele ya balozi na mbele ya wale wanawake ambao nilikuwa nawagombeza kila mwezi! Tusidanganyane, aibu ndiyo ilikuwa kubwa.

"Kesho asubuhi mpeleke zahanati," nikamwambia mama mtu. "Waoneshe kadi."

Waoneshe kadi. Mie niliyasema hayo, kwa mdomo wangu.

Kesho yake alinigongea mlango, mtoto mgongoni. "Dada, twende wote?" Nikamwambia nina nguo nyingi za kufua. Beseni lilikuwa tupu nyuma ya mlango. Sikutaka kusimama mbele ya nesi anayeujua mwandiko wangu nikaulizwa maswali. Akasema haya, akaenda peke yake. Akarudi adhuhuri na pakiti mbili za ile dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji.

"Nesi kasemaje?"

"Kasema nimpe maji mengi, na uji niendelee nao. Kasema kadi haioneshi kwamba kashuka."

Nami, Mungu anisamehe, moyo ukatulia. Unajua mtu anavyotulia akisikia lile alilotaka kulisikia.

Siku ile na iliyofuata nilikuwa nashinda kwake. Nilichanganya dawa mwenyewe, nikamnywesha kwa kijiko, kijiko kimoja kimoja, mpaka bega likafa ganzi. Yanaingia, yanatoka. Mama yake ananitazama usoni kila baada ya kijiko kama mimi ndiye daktari. Asubuhi ya tatu nilikuta macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Hilo tulifundishwa katika zile wiki mbili. Nikamwambia, "Mbebe. Twende hospitali kubwa, sasa hivi."

Akamfunga mgongoni, tukaenda kusimama barabarani kusubiri gari. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mie nilisimama nyuma yake nikimkinga mtoto kwa upande wa kanga yangu. Nilikuwa nimeamua, wallahi nilikuwa nimeamua, kwamba tukifika nitamweleza daktari kila kitu, kofia na mkoba wachukue. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umechomoza kwenye mbeleko, nikaushika ili niurudishe ndani. Ulikuwa umepoa. Nikaushikilia tu, sikuuachia.

Mama yake akaniuliza bila kugeuka, "Kalala?"

"Turudi nyumbani, mdogo wangu," nikasema.

Alisimama pale kidogo, anatazama barabara. Halafu akageuka tukarudi, na njia nzima hakumfungua.

Tulimzika siku ileile alasiri. Wanawake wakajaa uani, wakakaa jamvini, na kwa vile mama wa mtoto alikuwa amekaa na kanga moja tu kiunoni, tumbo lilianza kumsema. Nikasikia mnong'ono unavyotembea kutoka upande mmoja wa jamvi kwenda wa pili. "Huyu kabemendwa, mtoto wa watu. Hawakuweza kusubiri?" Balozi mwenyewe alisema, tena hakunong'ona sana. Mie nilikuwa pembeni napepeta mchele. Nilijua jinsi ya kuwanyamazisha. Neno moja tu kuhusu kadi lingetosha. Lakini baadhi yao walikuwa na kadi zenye nukta zangu za uongo, na unga wao ulikuwa unakuja Jumanne ya kwanza. Nikaendelea kupepeta. Nilimwacha abebe lawama ya kitanda chake, wakati mimi ndiye niliyeshika kalamu. Hicho kitu kimenichosha kuliko mizani miaka yote sita.

Wakati mwingine najiambia kuhara kungemwua hata kama kadi ingesema kweli. Huenda. Miaka ile tulizika watoto wengi waliokuwa na kadi safi. Huenda nesi angeona mstari umeporomoka akampeleka hospitali siku ileile, na huko wangemtia maji ya mshipa, na leo angekuwa mwanamume ana ndevu zake. Sijui. Nimeshachoka kulipima hilo. Nilichofanya ni kwamba tangu mwezi uliofuata niliandika kile kilichosema mshale, basi. Watoto kumi na ngapi sijui wakakatiwa unga kwa mkupuo, na wanawake wakaacha kunisalimia. Mmoja alinitemea mate miguuni. Mtoto wake alikuwa mzima, nami nilikuwa nataka abaki hivyo kwenye kadi na nje ya kadi.

Lakini sijamaliza la jirani yangu. Siku ya tatu tulisoma hitima, watu wakala wakatawanyika, mumewe akatoka na wanaume wenzake. Tukabaki wawili uani. Mie nilikuwa nimeinamia masufuria, nasugua kwa majivu, yeye amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jiko. Nikaona kama simwambii siku ile sitamwambia tena maishani.

"Mdogo wangu," nikaanza, "ile kadi ya mtoto. Zile nukta zangu ndizo zilizomdanganya nesi. Alipoitazama—"

"Hazikumdanganya," akasema.

Nikainua uso.

"Aliitazama kadi, halafu akamtazama mtoto. Akamtazama sana, dada. Akamshika mkono hapa juu, akaniuliza, 'Mama, huyu hajapungua kweli?' Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo siku zote." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Akaniuliza mara ya pili. Nikasema hapana. Ningesema ndiyo, angeuliza mbona kadi haioneshi, na angejua ni nani kaandika. Wangekufukuza. Na wewe ndiye uliyekuwa unatusaidia."

Nilikuwa na sufuria mkononi, masizi mpaka kwenye viwiko, na nilitamani anipige, anitukane, aite watu. Badala yake akainuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaja akaichukua ile sufuria mikononi mwangu.

"Lete nimalizie, dada," akasema. "Toka juzi hujalala. Kapumzike."